Flashi ya Nje Ukumbini: Mwongozo Kamili wa Picha za Sura Katika Sherehe za Usiku

Harusi na sendofu nyingi za Afrika Mashariki hufanyika usiku, katika kumbi zilizowashwa taa ambazo mpambaji amezichagua ili ziwafurahishe wageni, bila kuifikiria kamera. Mpiga picha anayetegemea taa hizo peke yake hupata sura zenye chembechembe na mikono iliyovurugika kwa mwendo. Naye anayeielekeza flashi usoni moja kwa moja hupata paji la uso linalomeremeta, kivuli cheusi ukutani, na nyuma yake giza tupu lililomeza mapambo ambayo kamati ilichangisha fedha kwa miezi kadhaa ili kuyalipia. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuepuka yote mawili kwa kutumia flashi ya nje, yaani ile inayochomekwa juu ya kamera na yenye kichwa kinachoinuka na kuzunguka, ili uso upate mwanga mzuri na ukumbi uendelee kuonekana kuwa ukumbi wa sherehe.

Mianga miwili ndani ya picha moja

Jambo la msingi, ambalo likieleweka mengine yote huwa mepesi, ni kwamba kila picha inayopigwa kwa flashi ni picha mbili zilizounganishwa. Ya kwanza inatokana na taa za ukumbi, nayo huingia polepole kwa muda wote ambao shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, iko wazi. Ya pili inatokana na flashi, ambayo huwaka kwa muda mfupi mno. Ikiwa imepunguzwa nguvu, mmweko wake huweza kuwa mfupi kuliko 1/10000 ya sekunde. Kwa sababu hiyo kasi ya shata haibadilishi mwanga wa flashi, bali hubadilisha mwanga wa ukumbi tu. Shata ikikaa wazi kwa 1/50 badala ya 1/200, taa za ukumbi zitaonekana zaidi mara nne, ilhali uso uliowashwa na flashi utabaki karibu vilevile. Tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga (huandikwa f/4, f/5.6 na kadhalika, na namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), na ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, huathiri mianga yote miwili kwa pamoja. Nguvu ya flashi na umbali wake kutoka kwa mhusika huathiri mwanga wa flashi peke yake.

Kuna mpaka mmoja wa kukumbuka. Kamera nyingi hazifanyi kazi na flashi ya kawaida kwa kasi inayozidi 1/200 au 1/250. Ukivuka hapo, sehemu ya picha hutoka na utepe mweusi. Ndani ya ukumbi wenye giza hutafika huko, lakini sherehe ikianzia nje wakati jua halijazama, mpaka huu utakubana.

Maandalizi kabla ya siku

Flashi yenyewe haihitaji kuwa ya bei kubwa. Canon na Nikon hutengeneza zao, na kampuni kama Godox na Yongnuo hutengeneza za bei nafuu zinazotumiwa sana na wapiga picha wa sherehe. Sharti ni kwamba kichwa chake kiinuke na kuzunguka pande zote, na kwamba nguvu yake iweze kupunguzwa kwa mkono kutoka 1/1, yaani nguvu kamili, hadi angalau 1/64 ya nguvu hiyo. Flashi za zamani za enzi ya filamu zichunguzwe kwanza, kwa kuwa baadhi yao hupeleka kwenye kamera volti nyingi kuliko inavyoweza kustahimili kamera ya kidijitali. Wala usijaribu kufungua flashi iliyoharibika: ndani yake kuna kapasita inayohifadhi umeme wa takriban volti 300, na umeme huo hubaki humo hata betri zikiwa zimetolewa.

Suala la betri linastahili uangalifu kuliko watu wengi wanavyolipa. Flashi nyingi hutumia betri nne za AA, na betri zinazofaa ni zile za kuchaji za aina ya NiMH. Ingawa kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5 ya betri za kawaida za dukani, hutoa umeme kwa kasi zaidi, hivyo flashi hujaa upesi baada ya kila mmweko. Ukitumia zile za dukani, baada ya picha kadhaa utakuwa unasubiri taa ndogo ya nyuma iwake huku bibi harusi akiwa tayari ameshalishwa keki. Beba seti tatu au nne, ziwekee alama ili seti moja isichanganyike na nyingine, na uzichaji zote usiku wa kuamkia sherehe. Flashi zenye betri moja kubwa ya lithiamu hupunguza usumbufu huu kwa kiasi kikubwa, na kwa mtu anayepiga sherehe kila wikendi naona zinafidia bei yake.

Kuhusu lenzi, ile ya milimita 50 iliyowekwa kwenye kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea picha) ndogo ya APS-C hufaa sana kwa picha za sura, na kwenye kamera yenye sensa kamili ile ya milimita 85 hufanya kazi hiyohiyo. Lenzi ya milimita 24–70 hukupa uhuru wa kutoka kwenye uso wa mtu mmoja hadi kwenye meza nzima bila kubadilisha kifaa gizani.

Hatua ya kwanza: usome ukumbi

Fika mapema, mpambaji akiwa bado juu ya ngazi, na uangalie juu. Dari nyeupe yenye urefu wa mita tatu hadi nne ni neema kubwa, kwa sababu flashi ikielekezwa huko, dari yote inageuka kuwa taa kubwa laini. Dari ikiwa na urefu wa mita saba au nane, au ikiwa ya mabati na vyuma vilivyo wazi, mwanga utapotelea huko na kurudi kidogo sana.

Halafu angalia rangi. Mwanga unaodunda huchukua rangi ya kitu ulichodundia. Kumbi nyingi hufunikwa kwa vitambaa vya rangi walizochagua maharusi, na flashi ikidunda kwenye kitambaa cha zambarau italeta uso wa zambarau ambao hata kompyuta itausahihisha kwa shida. Turubai jeupe hufaa kama dari nyeupe. La buluu au la manjano halifai. Tafuta pia ukuta mweupe wa pembeni, kwa kuwa ukuta huo mara nyingi hutoa picha nzuri kuliko dari.

Kumbuka pia taa zenyewe. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na taa za bei nafuu za LED na zile za mirija humetameta mara 100 kwa sekunde, jambo ambalo jicho halilioni lakini kamera inaliona kama mistari au rangi zinazobadilika kutoka picha moja hadi nyingine. Kasi ya 1/50 au 1/100 hupunguza sana tatizo hilo.

Hatua ya pili: panga mwanga wa ukumbi, flashi ikiwa imezimwa

Weka kamera kwenye M, yaani hali ya kupanga kila kitu kwa mkono. Anza na ISO 1600, tundu la f/4 na kasi ya 1/100, kisha piga picha ya ukumbi mtupu ukielekea upande ambao maharusi watakaa. Unachotafuta ni picha iliyo nyeusi kidogo kuliko kawaida, kwa stopu moja hadi mbili, ambamo taa za mapambo, maua na vitambaa vinaonekana bila kushindana na uso. Stopu moja ni mwanga maradufu au nusu yake. Picha ikiwa na giza mno, shusha kasi hadi 1/60 au 1/50, au panda hadi ISO 3200. Ikiwa na mwanga mno, fanya kinyume.

Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo maana picha zao hufanana ukumbi hadi ukumbi, kana kwamba kila sherehe ilifanyika mbele ya shimo jeusi. Dakika mbili za majaribio haya kabla wageni hawajaingia hukuwezesha kutogusa kasi ya shata kwa saa nzima inayofuata.

Hatua ya tatu: ielekeze flashi mbali na uso

Mwanga wa flashi ni mkali kwa sababu kioo chake ni kidogo. Kadiri chanzo cha mwanga kinavyokuwa kikubwa kikilinganishwa na uso, ndivyo vivuli vinavyolainika, na njia rahisi kuliko zote ya kukikuza ni kuudundisha mwanga kwenye dari au ukuta.

Wengi wanaoanza huinua kichwa cha flashi wima kabisa. Matokeo ni mwanga unaoshuka kutoka utosini, macho yakawa na giza na kivuli cha pua kikafika mdomoni. Ni bora kukielekeza kichwa nyuma kidogo, juu ya bega lako, au pembeni kwa takriban nyuzi 45, ili mwanga ulifikie lile eneo la dari au ukuta lililo mbele ya mhusika na upande wake mmoja. Jiulize kabla ya kila picha: taa kubwa ingetundikwa wapi ili uso huu upendeze? Kisha elekeza flashi mahali hapo. Uso utapata upande wenye mwanga na upande wenye kivuli chepesi, na hapo ndipo umbo la mashavu na taya linapoonekana.

Kipande kidogo cha karatasi nyeupe ngumu kilichofungwa kwa mpira nyuma ya kichwa cha flashi, kikisimama sentimita tano au sita juu yake, hurusha mwanga kiasi mbele na kuweka nukta ya mng'ao machoni. Flashi nyingi zina kipande cha plastiki cha kazi hiyo kilichofichwa ndani ya kichwa. Kofia ya plastiki nyeupe inayofunika kichwa kizima siipendekezi katika ukumbi mkubwa: pasipo ukuta au dari ya karibu haiukuzi mwanga, bali hutawanya nguvu kila upande na kuimaliza betri.

Unapogeuza kamera wima, kichwa cha flashi nacho hugeuka kikaelekea ukutani. Kizungushe tena kielekee dari. Ni kitendo cha nusu sekunde, lakini mikono lazima ikizoee kabla ya siku.

Hatua ya nne: pima nguvu

Flashi inaweza kupima nguvu yenyewe kwa mfumo wa TTL. Kabla shata haijafunguka, hutoa mmweko mdogo wa kupimia, kamera husoma mwanga uliorudi, kisha mmweko halisi hufuata. Mfumo huu unafaa pale umbali unapobadilika kila mara, kwa mfano wakati maharusi wanapoingia. Lakini kamera haijui inatazama nini. Hudhani kila kitu ni cha kijivu cha wastani. Shela na gauni jeupe vikijaza picha, hupunguza mwanga, na uso wa bibi harusi hutoka na giza, hivyo ongeza fidia ya flashi, yaani rekebisho la nguvu yake linalohesabiwa kwa stopu, kwa +0.7 hadi +1. Bwana harusi akiwa ndani ya suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kamera huzidisha mwanga, hivyo punguza kwa kiasi hicho hicho.

Mahali ambapo umbali haubadiliki, kama vile zulia la mlangoni ambapo wageni hupigwa picha mmoja baada ya mwingine, weka flashi kwenye M. Anza na 1/8 au 1/4 ikiwa unadundisha kwenye dari ya mita tatu, tazama picha, kisha panda au shuka. Ukishapata kiwango sahihi, wageni wote watatoka sawasawa, awe amevaa nyeupe au nyeusi. Kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi sana: wapo watu ambao hupepesa macho kwa haraka pale mmweko wa kupimia unapowaka, na katika kila picha ya TTL huonekana wamefumba macho. Kwenye M mmweko huo haupo.

Jitahidi usifike 1/1 mara kwa mara. Mimweko mingi mfululizo ya nguvu kamili huipasha flashi moto, na flashi nyingi hujizuia zenyewe hadi zipoe. Ukiona nguvu haitoshi, panda ISO kwanza: kutoka ISO 400 hadi ISO 1600 unaongeza stopu mbili, sawa na flashi iliyo kwenye 1/4 kufanya kazi ya 1/1.

Ngozi nyeusi na mng'ao wake

Sehemu hii naiandika kwa msisitizo, kwa sababu mafunzo mengi ya flashi yanayosambaa yamepimwa kwenye nyuso za Wazungu, na wapiga picha wetu huyafuata bila kuyarekebisha. Ngozi nyeusi hurudisha sehemu kubwa ya uzuri wake kwa njia ya mng'ao: mstari wa mwanga kwenye shavu, kwenye daraja la pua, kwenye bega. Mng'ao huo ni picha ya chanzo cha mwanga. Chanzo kikiwa kidogo, kama flashi iliyo uchi, unapata madoa madogo meupe yasiyo na rangi. Kikiwa kikubwa na kikitoka pembeni, unapata mwanga mpana unaoteleza na kuonyesha umbo. Kwa hiyo kudundisha kwenye ukuta wa upande ndiko kunakofaa zaidi kwa ngozi hii.

Usiongeze nguvu kwa nia ya kuufanya uso uwe mweupe. Kazi ya picha ni kuonyesha rangi ya mtu kama ilivyo, na uso uliochomwa na mwanga hupoteza rangi hiyo moja kwa moja, hata faili la RAW, yaani faili ghafi la kamera, halitairudisha. Pale mtu mweusi sana anaposimama na mtu mweupe zaidi, msogeze yule mweusi upande unakotoka mwanga, na mwenzake mbali kidogo. Jasho nalo ni jambo la kweli katika ukumbi wa Dar es Salaam au Mombasa; kuwa na pakiti ya tishu laini, na umwombe mtu ajipanguse kwa kugusagusa, asisugue, vipodozi visitoke.

Wanaovaa miwani, waombe wainamishe kidevu kidogo, au badilisha upande unakodundisha, mpaka mng'ao uondoke kwenye vioo.

Rangi ya mianga miwili

Mwanga wa flashi una rangi ya takriban kelvini 5500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), karibu na ule wa mchana. Balbu za manjano zina karibu 3000. Ukipiga hivyo hivyo, uso utakuwa sawa na nyuma itakuwa ya machungwa, jambo ambalo kwa kiasi fulani linapendeza. Likizidi, bandika kwenye kioo cha flashi plastiki ya rangi ya machungwa inayouzwa kwa kazi hiyo, kisha weka WB ya kamera, yaani mpangilio wa kusawazisha rangi ya mwanga, karibu na 3200. Uso na ukumbi vitapatana. Kwa taa za jukwaa za zambarau na buluu zinazobadilika kila sekunde, usihangaike: acha WB kwenye alama ya flashi, na ukumbi ubaki na rangi zake.

Ukumbi usio na dari ya kudundishia

Sherehe ya uwanjani, bustanini au katika ukumbi wenye paa refu jeusi inahitaji njia nyingine, nayo ni kuitoa flashi juu ya kamera. Utahitaji triga ya redio (kifaa cha kuiwasha flashi kwa mbali bila waya), stendi au msaidizi, na mwamvuli mweupe au softiboksi (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga) yenye upana wa sentimita 60 hivi. Weka taa hiyo mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwa mhusika, nyuzi 45 kando yake, juu kidogo ya kichwa na ikiinamia usoni. Iwapo upepo upo, stendi ifungwe mfuko wa mchanga, kwa kuwa mwamvuli hubebwa na upepo mdogo sana, na watoto hupita mbio. Mimi huona msaidizi aliyeshika fimbo yenye taa ni bora kuliko stendi, kwani anasogea pamoja nawe na hakuna waya wala miguu ya chuma ya kumwangusha mgeni.

Msogeze mhusika mbali na ukuta kwa mita mbili hivi. Kivuli chake kitaangukia sakafuni nje ya picha, na taa za mapambo nyuma yake zitalainika.

Picha za kundi

Hapa ndipo kanuni ya umbali inapowaumbua wengi. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: kutoka mita mbili hadi nne unabaki robo. Flashi ikiwa mita mbili kutoka mstari wa mbele na mita tatu kutoka wa nyuma, mashangazi waliosimama nyuma hupata chini ya nusu ya mwanga wa walio mbele. Rudi hadi mita nne, na mstari wa nyuma ulio kwenye mita tano utapata karibu theluthi mbili. Rudi nyuma, basi, tumia f/5.6 ili mistari yote ionekane wazi bila ukungu, panda ISO, na udundishe juu kwenye dari ikiwa inawezekana. Piga tatu au nne mfululizo, ukiacha flashi ijae kila mara, kwa kuwa katika kundi la watu ishirini lazima mmoja atafumba macho.

Wanapoanza kucheza

Kwenye muziki, shusha kasi hadi 1/15 au 1/20 na uweke flashi iwake mwishoni mwa shata badala ya mwanzoni. Menyu nyingi huiita pazia la pili. Taa za ukumbi zitachora mistari ya mwendo, kisha mmweko utamgandisha mchezaji mbele ya mistari hiyo. Tumia M, si TTL, kwa sababu kwenye mpangilio huu mmweko wa kupimia hutangulia mapema na watu huhama kabla ya ule halisi.

Ruhusa na heshima

Flashi huwakatiza watu. Wakati wa dua, sala au hotuba ya wazazi, piga picha mbili tatu kisha ishushe kamera. Zungumza na mwongoza sherehe mapema ili ujue ratiba ya keki, ndafu na zawadi, na usimame mahali pako kabla wageni hawajazingira meza kwa simu zao. Katika sherehe za wanawake za mwambao, kama zile za kupamba huko Mombasa na Lamu, ambako wanawake huvua mabuibui kwa sababu hakuna mwanamume, mpiga picha huwa mwanamke, na picha hizo ni za familia peke yake: haziwekwi mtandaoni, hazionyeshwi kama sampuli za kazi, na kadi ya kumbukumbu hukabidhiwa au kufutwa kama mlivyokubaliana na mama wa bibi harusi kabla ya siku.

Ukirudi nyumbani, nakili faili mahali pawili kabla ya kuifuta kadi yoyote, kisha toa betri ndani ya flashi kabla ya kuihifadhi, kwa kuwa betri iliyoachwa humo kwa wiki nyingi huweza kuvuja na kuozesha vyuma vya kugusia.